Marehemu Alikuwa Mgomba

Sogeeni, sogeeni, nafasi ipo. Aliye mlangoni aingie ndani, aliye ndani ajibane kidogo. Habari hii si ya kusimuliwa watu wawili.

Ilitokea katika nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Msidhani naogopa. Wenyewe wamelibadilisha mara tatu, na la nne liko kamatini, sasa nikitaja leo nitaonekana muongo kesho. Ila nchi yenyewe nzuri. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wa beti tisa, na ina Mahakama ya Rufaa iliyojengwa juu ya ngazi arobaini, ili mwananchi akifika juu awe hana tena pumzi ya kubishana.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Magunia, alikaa mama mmoja mpika chapati, Zena Makwega. Chapati zake zilikuwa laini hata walevi walizila kwa adabu. Zena alikuwa na kaka yake mmoja tu, Kondo, fundi baiskeli. Nasema fundi kwa heshima. Kazi yake hasa ilikuwa kukaa karibu na baiskeli.

Mama yao alipofariki aliacha kitanda cha samadari chenye vifundo vinne vya shaba. Vita vikaanzia hapo.

"Kitanda cha mkubwa," akasema Kondo. "Mimi ndiye nilitangulia kuzaliwa."

"Na ulitangulia kuondoka!" Zena akamjibu, mikono imejaa unga. "Miaka mitatu mama anaugua juu ya kitanda hiki, nani alikuwa anamgeuza? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namwombea."

"Kutokea wapi, kilabuni?"

Watu tukaanza kusogea, maana Magunia hatupitwi na jambo. Kondo akashika kifundo kimoja cha shaba, akaanza kukizungusha akitoe. Ndipo Zena akapaza sauti iliyofika mpaka kisimani:

"Leo nitakuua, Kondo! Nitakuua, nikuzike, nisahau na kaburi lenyewe!"

Tulioisikia tulikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyeshtuka. Kwetu neno hilo ni kama salamu: mama humwambia mtoto aliyeramba sukari, mke wa imamu humwambia paka. Lingekuwa linatimia, mtaa mzima ungebaki na watu wanne, na hao wanne wangekuwa mabubu.

Kondo akachukua spana yake, akaondoka kwa hasira. Ukapita mwezi. Ikapita miwili. Hakuna habari.

Sasa kuna desturi moja ya watu wale, na nawaombeni muishike vizuri. Mtu akipotea, maiti isipatikane, hawamwachi hivi hivi. Hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa sanda, ukazikwa kwa jina lake, na watu wakalia kilio kamili. Shangazi yao, Bi Mwantumu, mama wa kauli moja, ndiye aliyeamua.

"Mtu asiyejulikana aliko anagonga milango ya watu usingizini," alisema. "Azikwe, tupumzike."

Zena aliuchagua mgomba uani kwake mwenyewe, akaukata kwa panga lake mwenyewe, pigo moja, mbele ya mtaa mzima. Kisha akaukumbatia akalia hadi akaishiwa sauti. Ukweli ni kwamba alimpenda kaka yake. Walichokuwa wakigombania ni kitanda tu.

Mkuu wa Wilaya naye alihudhuria, kwani huhudhuria popote penye masufuria zaidi ya matatu. Alisimama kando ya kaburi akasema, "Serikali imempoteza mchapakazi. Pengo lake halitazibika. Natangaza hapa kwamba barabara ya lami itajengwa hadi kwenye kaburi hili." Watu tukapiga makofi, halafu tukakumbuka tuko msibani, tukalia tena.

*

Mkuu wa kituo cha polisi alikula sahani mbili za pilau kwenye matanga yale. Akarudi kituoni, akakaa, likamjia wazo. Kaburi lipo. Kilio kipo. Hotuba ya Mkuu wa Wilaya ipo. Aliyeua je, yuko wapi? Kaburi lote hilo, halina mtuhumiwa hata mmoja! Aliona ni uzembe.

Akauliza mtaani kama marehemu aliwahi kutishiwa. Watu kumi na mmoja, kwa furaha ya kuulizwa, tukasema kila kitu tulichosikia. Mimi niliongeza hata mambo ya kisimani.

Kaburi likafukuliwa. Akaitwa daktari wa wilaya, Dokta Mlekwa, mtu mkweli mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Daktari akafunua sanda, akatazama, akafunika tena.

"Afande, huu ni mgomba."

"Daktari," akasema mkuu wa kituo, "mimi sikukuita kwenye bustani. Nimekuita kwenye maiti. Jaza fomu."

Fomu ya Uchunguzi wa Maiti ya nchi ile ina nafasi ishirini na sita, na hakuna hata moja iliyoandikwa *si mtu*. Dokta Mlekwa alitafuta mbele, akatafuta nyuma. Kwa kuwa sheria inakataza kuacha nafasi wazi, akajaza. Nilikuja kuisikia ikisomwa mahakamani, na naikumbuka:

*Kimo: futi tano na nusu. Rangi ya ngozi: kijani kuelekea kahawia. Damu: ya maji maji, inanata, haitoki kwenye nguo. Mifupa: haikuonekana hata mmoja, yaelekea kipigo kilikuwa kikali. Tumboni: maji matupu, marehemu hakuwa amekula. Chanzo cha kifo: pigo moja la panga, chini, lililopigwa na mkono uliozoea.*

Kesi ilichukua asubuhi moja.

"Nani alipiga panga?" hakimu aliuliza.

"Mimi, mheshimiwa," akasema Zena. "Mbele ya watu wote."

"Kwa nini?"

"Ili tumzike."

Hakimu akaweka kalamu chini. Alisema amekaa kwenye kiti kile miaka ishirini, ameona watu wakiua kwa wivu, kwa shamba na kwa ulevi, lakini mtu kumuua ndugu yake *ili amzike* hajapata kumwona, na kwamba nia haiwezi kuwa wazi zaidi ya hiyo. Akasoma hukumu: Zena Makwega atanyongwa kwa kamba hadi afe.

Zena alitazama nyuma kututafuta, sisi mashahidi wake kumi na mmoja. Kila mmoja wetu alikuwa anatazama kiatu chake.

*

Gerezani alipokelewa na mnyongaji wa serikali, Bwana Saburi, mzee mpole wa sauti ya chini. Hakuwa amemnyonga mtu kwa miaka kumi na tisa, na katika muda huo alikuwa akifuga kuku.

"Dada yangu, samahani," alisema siku ya kwanza, ameshika utepe wa fundi cherehani. "Naomba uinue kidevu kidogo. Hapo hapo. Ahsante sana."

Katika nchi ile urefu wa kamba hupigiwa hesabu kwa uzito wa mfungwa, na hesabu hiyo hutiwa saini na wakubwa watano. Zena akaingizwa jikoni kupika. Wiki mbili hazijaisha, gereza zima limenenepa, na yeye mwenyewe akiwemo. Hesabu ikaanza upya. Saini tano zikatafutwa upya. Mkubwa mmoja yuko semina, mwingine yuko likizo. Zinapopatikana, Zena ameongezeka tena. Hivyo chapati zilimsukuma miezi minane.

Lakini chapati nazo zina mwisho wake. Agizo likatoka juu kwamba mfungwa apimwe kwa makadirio. Siku ikapangwa: Ijumaa, baada ya Sikukuu ya Umoja. Rufaa yake ingesikilizwa Jumanne ya wiki hiyo hiyo. Akishinda, anarudi uani kwake. Akishindwa, zinabaki siku tatu.

Siku agizo lilipofika, Bwana Saburi alikuja na chai yake kama kawaida. Zena akamwekea chapati, akakaa mbele yake.

"Kaka Saburi. Inauma?"

Mzee alitafuna polepole. "Sijui, dada. Hakuna aliyerudi kulalamika."

Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Akaiacha chapati nusu. Wafungwa wa zamani wanasema hilo lilikuwa halijawahi kutokea katika gereza lile, chapati ya Zena kubakishwa.

*

Jumanne mtaa mzima wa Magunia tulipanda zile ngazi arobaini. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye kizimba cha mashahidi wakaondolewa. Wakaingia majaji watatu. Katikati Jaji Mkuu Ngwenje, mwenye sauti nzito ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Kushoto kwake jaji aliyelala. Kulia kwake jaji aliyeandika kila kitu, hata watu walipokohoa.

Wakili wa Zena, Bwana Pazi, alikuwa amepewa kazi hiyo na serikali asubuhi ile ile. Akasimama.

"Waheshimiwa majaji, hoja yangu ni moja. Marehemu ni mgomba."

Akakaa. Kwa kweli hoja ilikuwa nzuri, na ilikuwa imekwisha.

Akainuka mwendesha mashtaka, Bwana Tindwa, akavuta joho.

"Waheshimiwa, wakili msomi anasema mgomba. Je, mgomba husaliwa? Huyu alisaliwa! Mgomba huliliwa? Huyu alililiwa na mtaa mzima, na mrufani mwenyewe ndiye aliyelia kuliko wote! Na Mkuu wa Wilaya, kwa niaba ya serikali, alitoa rambirambi. Sasa namuuliza wakili msomi hapa mbele ya watu: anataka kuiambia dunia kwamba serikali yetu tukufu ilisimama juani, ikavua kofia, ikaupa pole mti wa ndizi?"

Ukumbi ukanyamaza. Jaji wa kulia akaandika *ukumbi umenyamaza*.

"Hilo haliwezekani," akasema Jaji Mkuu.

"Haliwezekani kabisa, mheshimiwa. Kwa hiyo ni mtu."

Nilimwona Zena akishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Wakati huo huo kukatokea kelele nje, mwanamume akipiga kofi mlango na kusema kwa nguvu:

"Nipisheni! Mimi ndiye marehemu!"

Alikuwa Kondo. Mzima, spana mfukoni, amenenepa kidogo. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa ng'ambo ya mto kwa mjane mmoja mwenye baiskeli mbovu mbili, na redio ya mjane ilitiwa betri siku ya mpira tu. Jumapili, wakati wa mapumziko, wakasoma habari za rufaa. Akasikia dada yake atanyongwa kwa kumuua yeye. Hakungoja kipindi cha pili. Kwa Kondo, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kumfanyia mtu.

"Zena!" akaita kutoka mlangoni. "Dada, niko hapa!"

"Kondo!" Zena akaanza kulia. "Mjinga wewe! Ulikuwa wapi?"

Akataka kuingia. Hapo akakutana na Bi Mwantumu, shangazi yao, ameinua bakora.

"Wapi?"

"Ndani, shangazi. Nimwokoe Zena."

"Kwa mlango huu? Wewe tumekuzika. Aliyezikwa hapiti mlango wa walio hai. Unataka kutuletea balaa sisi na waheshimiwa hawa?"

Na kweli, desturi ndivyo inavyosema. Aliyezikwa kwa mgomba akirudi, huingizwa dirishani kama mtu anayezaliwa, hunyolewa, huogeshwa, hupewa jina jipya. Hakuna aliyethubutu kubisha. Hata Jaji Mkuu, niliona, alivuta miguu yake juu ya kiti. Ikabidi Kondo azungushwe nyuma, ainuliwe na wanaume sita, apenyezwe kwenye dirisha la Mahakama ya Rufaa, akwame kiunoni, avutwe. Akaangukia mezani kwa karani. Shangazi akamnyoa kichwa na ndevu kwa wembe aliokuja nao, akammwagia maji ya kunywa ya majaji, akasema, "Tangu leo wewe ni Mapunda."

Tukapiga vigelegele. Kesi imekwisha! Bwana Pazi akainuka nusu.

"Waheshimiwa, nafikiri..."

"Pingamizi!" Bwana Tindwa alikuwa anatabasamu. Mimi tabasamu lile silipendi mpaka leo. "Shahidi huyu amezaliwa sasa hivi mbele yetu sote. Ana umri wa dakika nne. Sheria ya Ushahidi inakataza mtoto mchanga kula kiapo."

"Ana ndevu," akasema jaji wa kulia.

"Alikuwa nazo, mheshimiwa. Zimenyolewa."

Jaji Mkuu akamtazama Kondo, yaani Mapunda, akidondosha maji. "Na Kondo je?"

"Kondo bado amezikwa, mheshimiwa, na barabara yake ya lami imeshapimwa."

Majaji wawili wakainamiana, wa tatu akikoroma katikati ya shauri lao. Tukajua linakoelekea. Serikali haikuwa tayari kuwa imeupa pole mgomba, na kama marehemu ni mtu, basi Ijumaa ni Ijumaa. Kondo alikuwa amepiga magoti pale mezani. "Kitanda chukua, Zena," alisema kwa sauti ndogo. "Chukua na vifundo vyote."

Zena akajifuta uso kwa upande wa kanga. Nilimwona anafikiri, kama anavyofikiri akionja chumvi.

"Waheshimiwa, naweza kusema?"

"Sema, kwa ufupi."

"Mimi sijasoma. Lakini nimesikia mmesema mgomba ukizikwa kwa jina la mtu, basi ni mtu huyo huyo. Sibishi. Serikali haikosei. Basi na mimi naomba haki hiyo hiyo. Uani kwangu imebaki migomba mitatu. Chukueni mmoja wa kimo changu, uiteni Zena, muunyonge Ijumaa. Mimi nitawapikia chapati za matanga."

Jaji aliyelala akaamka. Wanasema ni neno chapati lililomwamsha.

Majaji wakatoka kunywa chai. Wakarudi. Jaji Mkuu akasoma, na sauti ikatoka mtungini:

"Mahakama hii tukufu, isiyoyumba, baada ya kuyatafakari yote, inaona kwamba haiwezi kula maneno yake yenyewe. Rufaa inatupwa. Hukumu ya kifo inathibitishwa pasipo huruma yoyote. Itatekelezwa siku ya Ijumaa, kwa kamba, juu ya mgomba utakaokuwa ndiye Zena Makwega kwa mambo yote ya kisheria. Huyo mama mwingine, ambaye mahakama haimfahamu, aende akapike."

Hatukushangilia mara moja. Ilibidi tuelezane kwanza. Bwana Tindwa alikuwa anapokea pongezi kwa ushindi. Bwana Pazi alikuwa anaandika kwamba ameshindwa. Kule nyuma, Bwana Saburi mnyongaji alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika.

*

Ijumaa watu walifurika. Bwana Saburi aliupima mgomba kwa utepe wake, akauomba radhi kwa sauti ya chini, na kamba ikakaa sawa mara ya kwanza. Dokta Mlekwa akajaza fomu yake bila kuulizwa: *Mifupa haikuonekana.* Mkuu wa Wilaya akasema haki imetendeka na ikaonekana ikitendeka, akaahidi barabara ya pili.

Zena alikuwa jikoni tangu alfajiri. Mgeni mmoja, mdomo umejaa, alimuuliza kama alimfahamu marehemu.

"Kidogo," alisema Zena. "Mkali mkali hivi. Ila moyo wake haukuwa mbaya."

Jioni tukamsindikiza nyumbani. Mlangoni, bakora ikainuka.

"Dirishani," akasema Bi Mwantumu.

Zena akapenyezwa dirishani kwake mwenyewe, akanyolewa, akaogeshwa, akapewa jina la Faraja. Akajifunga kanga kavu, akaingia chumbani. Tukamfuata kwa macho, mtaa mzima, vichwa vimejazana dirishani. Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa katikati yetu na daftari lake.

Juu ya kitanda cha samadari, amelala chali, mikono chini ya kichwa kipya kisicho na nywele, alikuwa Kondo.

"Si ulisema nichukue mimi!"

"Aliyesema ni Kondo, na Kondo ni marehemu," akajibu yule bwana kwa upole. "Halafu mimi nimezaliwa Jumanne. Wewe umezaliwa leo. Bado mimi ndiye mkubwa."

Zena akavuta pumzi. Kifua kikajaa. Tukaijua pumzi ile.

"Leo nita..."

Daftari likafunguka. Hakuna aliyekohoa.

"Malizia vizuri, mwanangu," akasema Bi Mwantumu kutoka mlangoni, bila kugeuka. "Migomba imebaki miwili."

Zena akatazama dirishani, akaliona daftari, akatuona na sisi kumi na mmoja, masikio yamesimama. Akaimeza ile pumzi yote, akaitoa kidogo kidogo.

"Nitakupikia chai," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kisimani.